Mama Anajifunza Kukataa

Mama yangu alikuwa akiinua mkono kabla swali halijaisha. Chifu akisema, "Wananchi, wale wote wanaounga mkono..." mkono wa mama ulikuwa tayari uko juu, wa kushoto, ngumi imefungwa, kiwiko kimenyooka, na uso wake umetulia kabisa. Wenzake walikuwa bado wanapangusa jasho na kuulizana kinachoendelea. Sidhani kama Garsen nzima kuna mtu aliyeunga mkono mambo mengi kama mama.

Aliunga mkono soko la mbuzi lihamishwe ng'ambo ya barabara. Siku hiyo hiyo, baada ya chai, upande wa pili ulipopewa nafasi ya kusema, aliunga mkono lisihamishwe. Wakati wa kampeni kila mgombea aliondoka akiamini ana kura yake, na nina hakika alipoingia kwenye kile kibanda cha kura alisikitika kwamba karatasi haimruhusu kuwatilia alama wote. Watu wa miradi, wale wanaokuja na magari meupe na fulana mpya, walimpenda sana. Wakamweka kwenye kamati ya maji, kamati ya vyandarua, kamati ya mafuriko, na nyingine moja ambayo mpaka leo hatujui ilikuwa ya nini, ila ilitoa kofia.

Jambo la mkono wa kushoto liliwasumbua watu kidogo, maana kwetu mkono huo una kazi zake na hauonyeshwi wakubwa. Lakini mama alikuwa mpole kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kumsema. Waliamua wenyewe kwamba bega lake la kulia lina ugonjwa. Mwanamke mmoja wa sokoni alimletea mafuta ya simsim ya kulichua. Mama akayapokea, akashukuru, akalichua bega lake zima lisilo na ugonjwa wowote mpaka chupa ikaisha.

Mimi sikufanana naye hata kidogo. Mdomo wangu hauna breki. Nina hoteli ndogo karibu na steji ya magari ya Hola, nauza chai, mahamri, maharagwe na wali, na ninagombana na kila mtu: muuza mkaa, dereva anayeegesha gari mbele ya mlango wangu, mteja anayesema wali haujaiva huku sahani ameshailamba. Kwenye kona ya hoteli hiyo mama alikuwa na himaya yake. Jiko la makaa, kikaango cha kukaangia buni, birika la udongo lenye shingo ndefu, ubani kidogo, na viti vitatu vifupi. Alipika kahawa kwa mtindo wa kwao, vikombe vitatu kila mtu, cha kwanza kikali, cha mwisho chepesi. Watu walitoka mbali kuja kukaa kwenye viti vile.

Kwao ni kusini mwa Ethiopia. Baba alikuwa Mworma wa hapa Tana, mfanyabiashara wa ng'ombe, na alimkuta mama Moyale akiwa msichana aliyevuka mpaka na kibuyu na nguo alizovaa. Lugha zao ni ndugu. Walielewana tangu salamu ya kwanza, ingawa baba alimcheka matamshi mpaka mwaka aliofariki. Nyumbani tulizungumza lugha hiyo, na maneno ya mama ya nyumbani ninayoyaandika hapa nimeyageuza mimi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi, kilichojaa ndiyo.

Habari za kwao alizitoa kidogo kidogo, daima wakati buni zikikaangwa, na daima akicheka. Alikuwa mdogo wakati wanajeshi walipomwondoa mfalme na kujiita Wakomunisti. Kila Jumapili asubuhi filimbi ilipigwa mtaani, na kila mtu, awe mgonjwa au mzima, alikwenda kwenye kebele. Kebele ilikuwa ofisi ya mtaa, na ofisi hiyo ndiyo iliyoshika sukari, sabuni, ruhusa ya kusafiri, na roho za watu. Ukutani walitundika picha za wazee watatu wa Kizungu wenye ndevu. Mama alidhani ni masharifu. Aliwahi kumuuliza bibi kwa sauti, "Hawa ni masharifu wa wapi?" na bibi akamziba mdomo kwa kiganja, akakiacha hapo mpaka mkutano ukaisha.

Kwenye mikutano hiyo walisomewa mambo yaliyokwisha kuamuliwa, kisha wakaambiwa wapige kura. Kura ilikuwa kuinua mkono wa kushoto, ngumi imefungwa, na kupaza sauti. Watu wawili walisimama pembeni na daftari wakiangalia nani amechelewa. Walipiga kura kukubali kwamba wana furaha. Walipiga kura kulaani watu wasiowajua, na siku nyingine watu waliowajua vizuri. Mama alisema ujanja ulikuwa kuwa wa kwanza, kwa sababu anayetangulia hakuna anayemtazama mara mbili.

Jirani yao, fundi wa cherehani, Jumapili moja alikuwa amempakata mwanawe mchanga mkono wa kushoto, naye kalala. Hakutaka kumwamsha. Akainua wa kulia. Siku ya pili walikuja kumchukua, na alirudi baada ya majuma matatu akiwa amenyolewa nywele na hasemi na mtu. Jumapili iliyofuata filimbi ikapigwa, naye akaenda kama wengine. Mama, msichana wa miaka kumi na kitu, alikaa karibu naye akampokea mtoto, ili mkono wa fundi ubaki mtupu.

Siku aliyonisimulia hiyo nilikwenda nyuma ya hoteli nikalia. Kisha nikarudi nikamkaripia muuza mkaa, ambaye hakuwa amefanya kosa lolote. Mama akamimina kahawa akauliza nina nini.

Nimeanza na huko kwa sababu bila hayo mtu hataelewa tulivyofanya kosa wakati mama alipoposwa.

Mposaji alikuwa mkulima wa Bura, kwenye shamba la umwagiliaji, mjane kama mama, amepita miaka sitini na mitano na anaendesha pikipiki. Kwao hasa ni kando ya mto, kaskazini ya Hola, watu wa kulima ukingoni, lakini alipata shamba lake la mfereji zamani na hakuondoka. Binti yake ameolewa hapa Garsen. Binti huyo alipojifungua, mzee alikuja kumwona mjukuu, akapita hotelini kwangu, akakaa kwenye kiti kifupi, akanywa vikombe vitatu. Baada ya hapo mjukuu yule alitembelewa kuliko gavana. Njia yote ile kutoka Bura, vumbi mpaka kwenye kope, na nyuma ya pikipiki kitunguu, tikiti maji, au gunia la mahindi mabichi. Alikuwa mtu wa maneno machache na hakuwa na haraka. Mama akiwa kwenye kona yake alianza kuvaa mtandio wa njano siku za Alhamisi, na mzee alikuja Alhamisi. Mimi si kipofu.

Basi posa ilipokuja sote tulishangilia. Walikuja wazee wanne pamoja naye. Kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka miwili, aliacha ng'ombe zake machungani akaja kupokea wageni, amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Maalim wa msikiti wetu alikuwapo, kwa kuwa ndugu wa kiume wa mama wako mbali na yeye ndiye angesimama kumwozesha. Tulitandika majamvi uani, tukapitisha buni zilizokaangwa kwa samli, na msemaji wa wageni, mzee anayependa sauti yake, akakohoa akaanza.

"Wenyeji wetu, tumetoka mbali, na tumekuja na neno..."

Mkono wa mama ukapanda juu.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wazee walipigana mapajani. Maalim, akijizuia, akamkumbusha kwamba kwa mwanamwali hutosha kunyamaza lakini mjane lazima aseme kwa ulimi wake, kwa hiyo anasemaje? "Nakubali, nakubali," mama akasema, mara mbili kwa uhakika zaidi. Fatiha ikasomwa. Nikaha ikapangwa Ijumaa ya pili baada ya hapo, na ikakubaliwa mama atahamia Bura. Nilipiga vigelegele mpaka koo likaniuma.

Ni jioni hiyo, nikikusanya vikombe, ndipo nilipotambua. Yule msemaji alikuwa hajataja posa. Alikuwa hajataja jina la mtu. Alisema tu wamekuja na neno, na kwa mama neno lililoletwa na wanaume watano mbele ya watu lilikuwa na jibu moja. Majuma mawili yalibaki, na mimi sikujua kama mama yangu anaolewa au anatii.

Kesho yake, baada ya wateja wa mchana kupungua, nikamkuta akichambua buni kwenye ungo. Nikaketi mbele yake.

"Mama, unamtaka huyu mzee?"

"Nimekubali. Si ulikuwapo?"

"Nilikuwapo. Sijauliza kama umekubali. Nauliza kama unamtaka."

"Kaka yako amefurahi. Maalim amekunywa vikombe vitatu, na hanywi vitatu kwa mtu."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe umefurahi?"

Akaacha kuchambua. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali asipopajua, anayetaka sana kusaidia. "Sasa hilo nitalijuaje?" akaniuliza.

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Aliniambia, kwa upole uleule, kwamba kule kwao mtu akijua anachotaka uso wake humsema, kwa hiyo ni afadhali usijue. Alikaa bila kujua mpaka akazoea. Nikamuuliza, na baba je? Akasema baba alimwambia "Twende," naye akaenda. "Bahati yangu alikuwa mtu mzuri," akaongeza, akarudi kwenye ungo wake. Baba alikuwa mtu mzuri kweli, na walicheka pamoja miaka yote. Lakini nilihisi baridi, mimi niliyekulia kwenye joto la Garsen.

Nikaamua kumfundisha kukataa, na mimi nikiamua jambo ni balaa. Nilianza na chai. "Mama, nikuongeze sukari?" Ndiyo. "Nikuongeze tena?" Ndiyo. Nilisimama pale na kijiko nikimsubiri akatae mpaka kikombe kikawa uji, naye akakinywa chote akashukuru. Nikampa amri: leo, lolote utakaloulizwa, jibu ni hapana. Mteja wa kwanza akauliza kama kahawa ipo. Mama akasema "Hapana" kwa sauti ya mtu anayeiba, mteja akaondoka zake, naye mama akanyanyuka akamkimbilia mpaka steji na kikombe mkononi akimwomba radhi.

Mchana akapita mchuuzi wa vyombo na beseni kichwani. Nikamnong'oneza amwulize mama mara nyingi awezavyo, nione kama atachoka kukubali. Yule kijana aliielewa kazi. "Mathe, cheki hii beseni, ni kali. Chukua. Na hii ya blue? Na hii ndogo ya mtoi?" Nilipotoka jikoni mama alikuwa na beseni tatu na anauliza kama kijana amekula.

Ajabu ni kwamba mama aliwakatalia mbuzi bila shida. Mbuzi akiingiza kichwa hotelini mama alisema "Toka!" na mbuzi alitoka. Nikamwambia ukiwa mkutanoni mwone mwenyekiti kama mbuzi. Alicheka mpaka akashika ubavu, na mimi pia, na kwa kitambo nikasahau kwamba siku zinakwenda.

Siku sita kabla ya nikaha nilishindwa kuvumilia. Nikampigia simu yule mzee. Alikuwa shambani, zamu yake ya maji, na niliyasikia maji yakiingia kwenye mitaro. Nikamweleza yote, filimbi, daftari, jirani fundi cherehani, mkono. Nilisema haraka haraka kwa sababu niliogopa nikinyamaza nitakata simu. Akasema nisubiri afunge maji. Nikasubiri. Maji yakanyamaza.

"Mimi niliuona ule mkono," akasema. "Mzee wetu alikuwa hajafika hata kwa jina langu. Nikajidanganya ni furaha."

Nikabana simu sikioni zaidi.

"Nikimwambia kahawa leo imezidi tangawizi, anasema ndiyo. Nikimwambia haina tangawizi, ndiyo. Nimefikiri ni adabu." Akavuta pumzi. "Sikia, mwanangu. Alhamisi nakuja na wazee. Nitauliza mwenyewe. Akisema hapana, mimi namaliza kahawa yangu, nawasha pikipiki, na hakuna ubaya. Lakini mwambie asinihurumie."

Nilimpenda kuanzia hapo. Nilimpenda na nikaogopa mara mbili zaidi, kwa sababu sasa walikuwa wawili wa kuumia.

Kaka yangu alipandwa na hasira. "Fatiha imesomwa! Wewe unataka watu waseme nini? Kwamba sisi tunaposwa na kuposuliwa kama nguo ya kujaribu?" Nikamwambia aibu ni kumpeleka mama Bura kama gunia. Tulirushiana maneno pale uani kama tulivyofanya tangu utotoni, mama akiwa katikati, anakubaliana na kaka kisha anakubaliana na mimi. Ni maalim aliyemaliza ugomvi. Alisema ulimi wa mjane ni wake, na kama unataka kusema tena, hakuna ubaya kuusikiliza tena.

Alhamisi baada ya alasiri majamvi yakatandikwa upya. Wazee walewale, na msemaji amenuna kwa sababu ameambiwa leo hasemi. Mama alikaa na mtandio wake wa njano nyuma ya jiko, birika likitoa mvuke, akamimina vikombe vya kwanza. Mzee wa Bura alikuwa amenyoa ndevu vizuri na amejikata kidevuni. Kofia yake ya pikipiki aliiweka karibu na goti.

"Mama," akasema, "mimi leo nauliza mwenyewe. La kwanza ni la nyumba. Wazee wamesema wewe utahamia kwangu Bura. Unataka kuhamia Bura?"

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Aligeuza uso akatazama ukuta, ili mama asione usoni mwake jibu analolitaka.

Mkono wa mama ulianza safari. Niliuona, ngumi imefungwa, ukapita kifua, ukafika kwenye sikio. Hapo ukasimama. Akajifanya anatengeneza mtandio. Akatazama uso wa kaka, na kaka, Mungu ambariki, akainamisha kichwa. Akatazama wazee, wakaangalia vikombe vyao. Maalim alikuwa amefumba macho kama anayeomba. Akanitazama mimi, nami nikamkazia macho kuku aliyekuwa anapita. Hakuna uso hata mmoja uliompa kitu. Sijawahi kuona mtu peke yake namna ile kati ya watu wanaompenda, na nilitamani kumrukia nimkumbatie, lakini nilijizuia.

"Hapana," mama akasema.

Ilikuwa ndogo, kama ile aliyomwambia mteja wa kahawa. Akaisikiliza. Hakuna filimbi iliyopigwa. Nje pikipiki ya bodaboda ikapita, mtu akamwita mwenzake, basi.

"Hapana," akasema tena, sasa kwa sauti ya kufukuzia mbuzi. "Mimi siendi Bura. Kahawa yangu iko hapa. Wajukuu iko hapa. Bura joto, mbu, hapana!"

"Garsen pia kuna mbu," msemaji akaropoka.

"Mbu ya hapa nazijua!"

Hapo kizibo kikatoka. Mama akasimama. Akamgeukia kaka, akamwambia yule mtamba wake mwekundu aliyepangwa kuchinjwa siku ya nikaha, hapana, hachinjwi, wachinje wa mtu mwingine. Akamwambia maalim kwamba kipaza sauti cha msikiti kinamtoa roho kila alfajiri, na maalim, ambaye hakutarajia kuwamo, akasema ndiyo mama. Akasema bega lake halina ugonjwa. Akasema kamati zote hapana, na kofia yao wachukue. Kisha akanigeukia mimi mwalimu wake, nikatabasamu kupokea shukrani zangu.

"Na wewe, sukari hapana! Mimi sipendi chai ya sukari. Miaka yote nimekunywa sukari yako, sipendi!"

Miaka yote. Nilikuwa nimemtilia vijiko vitatu kila asubuhi tangu nilipofungua hoteli, na kabla ya hapo nyumbani, na sikuwahi kuuliza hata siku moja nikiwa na nia ya kusikia jibu. Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja, na sikujua yapi ni ya nini. Maalim alikuwa anajipangusa macho kwa mkono wa kanzu. Kaka yangu alijilaza kabisa kwenye jamvi akicheka kama alivyokuwa akicheka tukiwa wadogo. Hata yule msemaji alisahau kununa akaomba buni nyingine.

Katika kelele zile ni mimi peke yangu niliyemwona mzee wa Bura akimaliza kahawa yake. Alikinywa kikombe mpaka mwisho, akakiweka chini taratibu, akachukua kofia yake ya pikipiki, akasimama. Hakuwa amekasirika. Alimwinamishia mama kichwa, kwa heshima, akaanza kutafuta viatu vyake.

Mama akamwona. "Unaenda wapi?"

"Nimesikia jibu, mama. Ni haki yako. Mimi nimefurahi umesema."

"Hiyo jibu ni ya Bura," mama akasema. "Yako hujauliza."

Mzee akasimama na kiatu kimoja mguuni. Alirudi, akaketi, si mbele yake safari hii bali karibu na jiko, kwenye kiti kifupi, kile alichokaa Alhamisi zote. Kofia aliishika kwa mikono miwili.

"Mimi naweza kuja hapa," akasema. "Shamba litakaa na mwanangu, nitakwenda na kurudi, pikipiki ninayo. Hilo si neno. Nauliza. Wewe unanitaka mimi?"

"Ngoja," mama akasema. "Nafikiri."

Basi tukangoja. Wazee watano, maalim, kaka yangu na mimi, tulikaa juu ya majamvi tukimsubiri mama yangu afikiri. Kahawa ya mzunguko wa pili ilichemka ikamwagikia makaa, na hakuna aliyenyanyuka kuiondoa. Mama hakutazama uso wa mtu. Alitazama mikono yake, akatazama birika, mara moja akatabasamu kwa jambo ambalo hakutuambia, akakunja uso, akatulia tena. Alichukua muda wake wote, na nilimwona akigundua kwamba ni wake.

Kisha akainua kichwa akamtazama mzee.

"Ndiyo," akasema.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane, na sikuwa nimewahi kumsikia mama akilisema neno hilo.